Meno ya Pomboo wa Kizimba cha Tatu

Pomboo wa kizimba cha tatu alikuwa amegoma kula tena. Jemima Aluta alipiga magoti kwenye mbao zenye utelezi, akatoa samaki kwenye ndoo na kumpigapiga juu ya maji kama alivyofundishwa, lakini mnyama hakugeuka. Alikuwa amebana taya zake kwenye wavu wa chuma, upande ule unaotazama bahari kuu, anatafuna. Krr. Krr. Sauti ile ilimwingia Jemima hadi kwenye magego yake mwenyewe.

"Kula, bibi," alimwambia. "Ukifa wewe, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Samaki wenyewe walikuwa wanono. Hilo ndilo lililomuudhi kila asubuhi. Waliletwa na meli wakiwa wamegandishwa, wanang'aa, na yeye aliyetoka nyumbani na chai kavu na kiazi kitamu kimoja tumboni alipewa kazi ya kuwabembeleza wanyama wawale. Mfanyakazi aliyeonekana akitia mmoja kwenye kikapu chake alifukuzwa papo hapo. Jioni, langoni, wanawake walipekuliwa mmoja mmoja, na mlinzi aliyewapekua alikuwa mtoto wa binamu yake, ambaye Jemima alimwogesha kwa mikono yake alipokuwa mchanga.

"Shangazi, fungua kikapu."

"Kuna nini cha kuona? Jana umeona, juzi umeona."

"Bosi anatazama dirishani. Fungua tu, shangazi, tusigombane."

Alifungua. Mlinzi akachungulia, halafu akamshika mikono na kuinusa, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Mikono ilinuka samaki kwa sababu ilishika samaki kutwa nzima, na hilo mlinzi alilijua vizuri, lakini alikuwa ameambiwa anuse.

Yule pomboo jike alikamatwa pamoja na mwanawe. Mwana ndiye aliyeuzwa kwanza. Wageni walikuja kwa ndege, wakamchagua kwa sababu alikuwa mdogo na angefundishika, wakamfunga kwenye machela yenye sponji na kumpeleka nchi ambayo Jemima hakuwahi kuisikia, akaruke ndani ya bwawa mbele ya watu waliolipa kiingilio. Tangu siku ile mama yake alihamia kwenye ukuta wa wavu na hakutoka tena hapo.

Watu wa Ferakwao, kijiji cha Jemima, si malaika, na hakuna anayedai hivyo. Toka enzi za mababu waliwaua pomboo. Wanaume walitoka na mitumbwi hadi nje ya mwamba, wakapanga mstari mrefu, wakagonganisha mawe mawili mawili chini ya maji. Kelele ile iliwatia wanyama kiwewe wakakimbilia ghubani, wakachomeka midomo kwenye tope la mikoko, na hapo watu waliingia majini kuwakumbatia na kuwatoa. Nyama ililiwa na kijiji kizima. Meno yalitobolewa, yakatungwa kwenye kamba, na kamba hizo ndizo zilizooa wake zao tangu dunia iumbwe. Ukipeleka pesa tupu kwa wakwe wa upande huu wa ghuba, watakurudishia. Pesa inanunua mchele, wanasema. Meno ndiyo yanayooa.

Kisha kampuni ya kuuza pomboo hai ikaja. Mwenyekiti wa baraza la wazee, Festus Iroga, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Jemima, alipelekwa mjini, akalala hotelini, akarudi na injini mpya ya mtumbwi na habari kwamba ameshatia sahihi kwa niaba ya wote. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugonga mawe ila kwa ajili ya kampuni. Langoni pa vizimba ulitundikwa ubao mkubwa uliopakwa rangi ya buluu: WANYAMA HAWA WAKO HATARINI KUTOWEKA. WANALINDWA NA SHERIA. Chini ya ubao huo wanaume walewale waligonga mawe kwa ujira wa siku, pomboo wazuri wakainuliwa kwa winchi kutiwa vizimbani, na waliobaki wakaachwa waende zao. Ungetazama kwa mbali ungedhani ni huruma.

Kilichotokea ni kwamba Ferakwao iliishiwa meno. Wazee waliokuwa nayo waliyaficha, na vijana wasio na baba mwenye akiba wakabaki wanazubaa gatini, wakitafuna popoo na kutemea maji mate mekundu.

Rexon, mtoto pekee wa Jemima, hakungoja. Alimleta Nesta nyumbani kabla hajatoa chochote, na sasa Nesta alikuwa na mimba ya miezi saba. Kaka zake wawili walivuka kutoka Aibala, kijiji cha ng'ambo ya ghuba, wakakaa kizingitini bila kuonja hata maji.

"Sikukuu ya mavuno ikifika bila meno, tunamchukua dada yetu," alisema mkubwa wao. "Na kilichomo tumboni ni chetu. Kitaitwa jina la baba yetu."

"Mtoto ni wangu," Rexon alisema.

"Umemlipia na nini?"

Walipoondoka, Nesta alikuja kukaa karibu na Jemima aliyekuwa anamenya magimbi, akachukua kisu kingine.

"Mama, hata hakuna aliyeniuliza mimi."

"Na mimi sikuulizwa, mwanangu. Menya hilo."

"Mimi nataka kuzalia hapa. Kwetu nikirudi nitakuwa mtumishi wa wake za kaka zangu, na mtoto wangu nitamlea kama mtoto wa watu."

"Utazalia hapa," Jemima alisema, na aliposema hivyo hakuwa na jino hata moja zaidi ya mkufu mfupi wa marehemu mama yake, ambao kwa mahari haukufika hata robo.

Pomboo wa kizimba cha tatu alikufa siku ya Jumatano, kabla ya chakula cha mchana. Jemima alimkuta amelala ubavu, tundu la kupumulia kichwani liko wazi, mdomo bado umegusa wavu. Alikaa chini kwenye mbao. Hakulia, maana angelia mbele ya watu wangemcheka kwamba analilia kitoweo. Lakini alikasirika, na hakujua amkasirikie nani, basi akaupiga wavu teke hadi kidole kikavimba.

Meneja, Bwana Grady, alikuja kwa mwendo wa polepole, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Amekufa, bosi," Jemima alimwambia.

"Hajafa."

"Bosi, mtazame."

"Mama Jemima, nisikilize vizuri." Aliinama akamwekea mkono begani, mkono wa kirafiki kabisa. "Huyu alikuwa mgonjwa. Tulimhurumia, tukamfungulia, akaenda zake baharini. Wageni wa serikali wanakuja mwezi ujao kuhesabu wanyama, na kila anayekufa tunanyimwa kibali cha kuuza mwingine. Kibali kikiisha, kazi imeisha. Kazi ya nani? Yako. Sasa, amekufa?"

Jemima alitazama kikombe cha kahawa.

"Amefunguliwa," alisema.

"Vizuri. Mchukue Toata mkamfukie."

Toata alikuwa mzee aliyebaki na jicho moja, ambaye ujana wake wote alikuwa kiongozi wa mstari wa mitumbwi. Walimburuta pomboo kwa kamba hadi nyuma ya minazi, nje ya uzio, wakachimba. Mchanga ulikuwa ukiporomoka, wakachimba tena. Shimo lilipotosha, Toata alijifuta jasho, akachomoa panga kiunoni na kulichomeka kwenye mchanga mbele ya Jemima.

"Nini?" Jemima aliuliza.

"Unataka azikwe na meno yake, kama askofu?"

"Ni wa kampuni."

"Wa kampuni alikuwa yule aliyekuwa hai. Huyu bosi mwenyewe kasema hayupo, kaenda baharini. Au siyo?" Toata alicheka bila sauti, akageukia minazi. "Kwa desturi yetu meno ni ya aliyemshika mwisho. Nani alimshika mwisho? Mimi nina jicho moja, tena limechoka. Sioni kitu."

"Mzee, ukisema popote..."

"Nimesema nini? Sisi tuliwaua hawa, Jemima. Tuliwaua wengi, na siku hiyohiyo wakafa. Hatukuwafunga wakatafuna chuma mwaka mzima. Kata, jua linazama."

Alikata. Alifunga taya kwa majani ya mgomba na kuzificha chini ya makuti, na jioni, baada ya mlinzi kuinusa mikono yake, alizunguka nyuma ya minazi na kuzichukua.

Alizichemsha kwenye sufuria ya magimbi hadi meno yakalegea. Nesta alishikilia kibatari. Rexon alikuwa wa kwanza kuyatazama vizuri, akaliviringisha moja kiganjani, akalirudisha mezani.

"Mama, haya hayafai."

Jino la pomboo jema linachongoka kama mwiba, na lina weupe wa nazi mbichi. Machache ya nyuma yalikuwa hivyo. Mengine yote yalikuwa yamelika hadi nusu, vichwa bapa, na katikati ya kila kimoja palikuwa na doa la kahawia la kutu. Jemima aliyatazama akaelewa kwa mara ya kwanza ile sauti ya kila asubuhi ilikuwa inafanya kazi gani. Mnyama yule alikuwa amejisaga mwenyewe.

"Yatafaa," alisema.

"Shangazi yake Nesta atayaona. Yule mama anaona jino la papa ndani ya chungu cha mchuzi."

"Nimesema yatafaa, Rexon. Lete koleo."

Alifanya kosa ambalo mwanamke yeyote wa ghuba ile angelifanya akiwa amebanwa kama yeye. Alifungua mkufu wa marehemu mama yake, akamwaga meno yake ya zamani, mazuri, yaliyogeuka rangi ya asali kwa kuvaliwa na ngozi ya wanawake watatu waliofuatana, akayachanganya. Mazuri aliyaweka mwanzoni na mwishoni mwa kamba. Yaliyolika aliyapanga katikati, mawili mawili, yakibanwa na mazima. Yalitosha kamba nzima. Ukiiinua kwa haraka, ilipendeza.

Nesta alikuwa amesimama nyuma yake. "Mama, usiweke ya bibi humo."

"Bila hayo haitoshi."

"Wakikataa?"

"Basi we unataka niweke nini, mwanangu? Niweke ya kwangu?" Jemima alifunua midomo yake, akaonyesha meno mekundu ya popoo yaliyobaki, na Nesta, ingawa alikuwa na hofu, alicheka.

Sikukuu ya mavuno ilifanyika Aibala mwaka huo. Baada ya ibada watu walitandaza mikeka mbele ya kanisa, wakasimamisha fremu ya mianzi, na upande wa bwana harusi ukatundika ulichonacho: kamba za kauri, kitambaa, na ile kamba ya meno. Festus Iroga, Mwenyekiti, ndiye aliyesemea upande wao kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuwa amevaa shati jeupe na shingoni mikufu mitatu ya meno ya pomboo, mizito, ya siku za zamani, inayogongana akicheka. Jemima alikuwa amemwendea mwezi mzima akimwomba amwazime mmoja tu.

"Shemeji, haya ni ya ukoo," alikuwa amemjibu. "Nikianza kugawa, nitaishia wapi?"

Shangazi yake Nesta, Salome Kwaimani, alikuja kwenye fremu bila haraka. Hakutazama kamba. Alifumba macho, akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, jino baada ya jino, kama mtu anayesali. Mwanzoni uso wake ulilainika. Halafu kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda mbele.

"Nani alimfundisha pomboo kula chuma?" aliuliza.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alifumbua macho, akaliinua jino moja juu kwenye mwanga.

"Hili ni la kule kizimbani. Tazameni kutu hii. Mnyama huyu alikuwa mwendawazimu alipokufa, na nyinyi mmemleta hapa tumwozee binti yetu?"

"Shangazi, si yote," Jemima alisema. Alikuwa amesimama bila kuruhusiwa. "Ya mwanzoni na ya mwishoni ni ya mama yangu. Unamjua mama yangu. Ulilala kwake ulipokuwa msichana."

"Nilimjua. Kwa hiyo ndiyo umenidanganya kwa kumtumia yeye." Salome aliiondoa kamba kwenye mwanzi na kumtupia miguuni. "Nitajuaje lipi ni la mama yako na lipi ni la mgonjwa? Sasa yote ni ya mgonjwa. Leteni meno ya mnyama aliyekufa akiwa na meno yake, ndipo tutaongea. Mtoto akizaliwa kabla ya hapo, ni wetu."

Kaka mkubwa wa Nesta alimshika dada yake mkono.

"Usinivute," Nesta alisema. "Miguu ninayo."

Alitembea mwenyewe hadi nyumba ya wake za kaka zake, tumbo mbele, bila kugeuka. Rexon alitaka kumfuata na wanaume watatu wakamzuia kifuani, wala hawakuhitaji kutumia nguvu, kwa sababu alikuwa ameshaanza kulia. Festus alikuwa anatazama chini kwa aibu. Aibu hiyo haikuwa ya Nesta. Ilikuwa ya jina lake kutundikwa kwenye mwanzi pamoja na meno mabovu, na alijua vizuri sana kizimba chenyewe ni kipi.

Kesho yake asubuhi Jemima aliitwa ofisini. Bwana Grady alikuwa nyuma ya meza. Askari polisi kutoka mjini alikuwa amekaa dirishani, kofia magotini. Festus alikuwa kwenye kiti cha wageni, na shingoni bado amevaa mikufu yake ya jana.

"Mama Jemima," Bwana Grady alianza, "nimesikitika. Nimesikitika kweli kweli. Nilikuamini."

"Bosi, uliniambia yule hayupo."

"Sikukwambia umkate."

Askari alimwomba kamba. Jemima aliitoa kifuani, ikiwa na joto. Askari aliiweka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa gundi.

"Kukutwa na kiungo cha mnyama aliye hatarini kutoweka," alisema, "bila kibali. Hiyo ni jela, mama. Si mchezo. Dunia nzima inawapigania hawa wanyama."

"Nusu ni ya mama yangu. Yalikuwepo kabla wewe hujazaliwa."

"Meno ya pomboo ni meno ya pomboo."

"Na yale pale?" Jemima alinyoosha kidole. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Mkono ulienda wenyewe hadi karibu na shingo ya shemeji yake. "Yale ni ya mbuzi?"

Askari alitazama dirishani, kwenye vizimba, ambako winchi ilikuwa inapakwa grisi. Festus aligusa mikufu, akaishika isilie.

"Ya Mwenyekiti ni utamaduni," Bwana Grady alisema. "Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Tofauti yake ni ipi?"

"Shemeji, usinivunjie heshima mbele ya wageni," Festus alisema. "Hapa mimi ndiye ninayekuombea. Bila mimi saa hizi uko kwenye boti, na pingu."

Kumbe alikuwa anaombewa. Na maombi yenyewe yalikuwa tayari, yamepangwa kabla hajaingia. Hatafungwa. Atarudi kazini leo hii, kwa kuwa wanyama wamemzoea. Meno yatabaki kwa askari. Na wageni wa serikali watakapokuja, yeye ndiye atakayewaeleza, kwa kinywa chake, jinsi alivyomwona pomboo wa kizimba cha tatu akifunguliwa. Akisema vingine, mfuko wa plastiki utafunguliwa mahakamani.

"Tumeelewana?" Bwana Grady aliuliza, na akamsogezea sahani ya biskuti.

Wageni walikuja, wawili, mashati yao yana mistari ya pasi. Walisimama kwenye mbao wakishikana mikono wasiteleze.

"Wewe ndiye uliyemwona akiachiwa?"

"Ndiyo."

"Alielekea wapi?"

Jemima alinyoosha mkono kuelekea nje ya mwamba, kwenye bahari kuu. "Kule."

"Lazima ilikuwa nzuri kuona," alisema mgeni mwenye miwani, na alimaanisha.

"Ilikuwa nzuri," Jemima alisema. Nyuma yao Toata alikuwa anafagia kitu ambacho hakikuwepo. Wageni walikula wali na kamba wa tui la nazi ofisini, wakaondoka, na kibali kikatoka.

Wiki iliyofuata wanaume waligonga mawe. Rexon alikuwa mmoja wao, kwa sababu ujira wa siku ni ujira, na tangu Nesta aondoke alikuwa hasemi na mtu. Kizimba cha tatu kilipata mnyama mpya, dume kijana, ngozi yake bado haina mkwaruzo. Bwana Grady alimwagiza Jemima asitoke pale hadi ale, kwani wapya wengi hufa kwa njaa siku za kwanza kabla hawajajifunza kula samaki mfu. Huyu alikuwa mwepesi. Siku ya tatu alikuja mwenyewe hadi mbele yake, akainua kichwa juu ya maji na kufungua kinywa.

Jemima aliyaona yote. Yalikuwa yamepangika mstari mmoja juu, mstari mmoja chini, yamechongoka, meupe, hakuna lililoguswa. Kamba nzima, na ziada. Mnyama mmoja huyu angemrudisha Nesta, angemrudisha mtoto kabla hajapewa jina la watu, angemfanya Rexon aseme tena. Salome angefumba macho akapitisha kidole mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Na huyu naye akifa, kwa mujibu wa ofisi, atakuwa ameenda baharini. Toata atachomeka panga mchangani, na safari hii meno yatavuka ghuba bila Mwenyekiti yeyote kuyasemea.

Lakini ingebidi afe upesi. Tayari jana alikuwa amemwona anauzungukazunguka wavu ule wa upande wa bahari, anaugusa kwa mdomo, anaujaribu. Mwezi mmoja tu wa kutafuna, na hatakuwa na faida kwa mtu.

Alijisikia akiwaza hivyo, na akaona haya, na hasira ikampanda: hasira ya Grady na kikombe chake, ya Festus, ya Salome na kidole chake, ya mababu waliosema mwanamke apimwe kwa meno, na ya huyu mjinga hapa mbele yake aliyekuja amefungua kinywa na kumwamini. Samaki alikuwa mkononi, baridi, anadondosha maji. Pomboo alilia kidogo, sauti nyembamba, akasogea karibu zaidi.

Jemima alirudisha mkono nyuma ya mgongo.

Dirisha la ofisi likafunguliwa.

"Anakula?" Bwana Grady aliita.

"Anakula, bosi," alijibu.